Kichwa cha Waya Hakilali Uchi

Osniel alinipigia simu saa tisa na robo alasiri, na hapohapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu Osniel hapigi simu. Huandika ujumbe wa maneno matatu, yaliyobaki anakuachia ukisie mwenyewe.

"Nereida, kituo chako kinatapika," akasema.

"Kinatapika nini?"

"Pakiti. Elfu arobaini kwa sekunde, na zote zinanimwagikia mimi. Nusu ya Havana haichezi. Fainali ni saa kumi na moja. Kabla ya hapo nataka jina, nataka waya uliokatwa, nataka mashahidi wawili. La sivyo nakuzimia kituo mwezi mzima."

"Na wewe pia, habari za mchana," nikamwambia, lakini alishakata simu.

Mtandao wetu ulikuwa wa mtaani, tumeujenga wenyewe kwa waya zilizovuka kutoka paa hadi paa. Haukwenda nje ya jiji. Ulikuwa wa michezo, maongezi, domino, na kutongozana, na kila kilichopita humo kilikatwa vipande vidogo, ndizo pakiti. Mimi nilikuwa mtunza kituo cha nyumba hamsini na nane pale Centro Habana kwa miaka saba, katika chumba changu cha juu ya paa, na swichi, mashine ya matundu inayogawa mtandao, iliyoingia nchini ndani ya sanduku la mtu, imeviringishwa kwenye chupi. Osniel alishika nguzo, mahali vituo vyote vya upande wetu vinapokutania. Sheria za nguzo zilikuwa chache na zote chungu. Anayeufurikisha mtandao mara ya kwanza huonywa. Mara ya pili hutolewa milele, jina lake linabandikwa kwenye ukurasa wa matangazo, na hakuna kituo kitakachompokea tena. Na siku ya fainali hakuna onyo, mara moja inatosha.

Nilikuwa na sheria moja yangu mwenyewe. Upepo wa bahari kwetu una chumvi, na chumvi hula vile vichwa vya waya, vile vya plastiki vyenye meno ya shaba, ukiviacha wazi wiki mbili tu. Na vichwa havipatikani. Kwa hiyo nilikuwa nimebandika karatasi katika kila nyumba yenye waya wangu: KICHWA CHA WAYA HAKILALI UCHI. KICHOMEKE AU KIFUNIKE. Chini yake, sahihi yangu, kubwa, yenye mkia. Niliipenda sahihi ile.

Nikakaa mbele ya swichi. Tundu la saba ndilo lililokuwa linaungua. Lilikwenda jengo la pili kutoka kwangu, ng'ambo ya ua, lenye nyumba nane zinazochangia waya mmoja. Ningeweza kulifunga tundu zima na mambo yakaisha, lakini ndani ya jengo lile alikuwamo mtangazaji wa fainali yenyewe, na tena Osniel alitaka jina. Mtu mmoja kati ya wanane.

Swichi yangu ilikuwa kuukuu lakini ilikuwa na akili moja niliyokuwa sijawahi kuitumia. Iliweza kumpimia kila mtumiaji kivyake. Ni kama mkate wa kadi ya mgao: kila jina na mkate wake, ukitaka wa pili unaambiwa urudi kesho. Sijawahi kuitumia kwa sababu ukiitumia lazima uchague namba, na ukichagua namba unachagua maadui. Siku ile sikuwa na nafasi ya kuogopa maadui. Mchezaji hodari hutumia pakiti sitini, themanini kwa sekunde. Anayeongea kwa sauti, hamsini. Nikaandika mia tatu kwa kila mtumiaji, zikizidi zitupwe, na zinazotupwa zihesabiwe kwa jina la aliyezituma.

Nikabonyeza.

Kwa Osniel mafuriko yalikatika mara moja, maana kilichozidi mia tatu kilikuwa kinafia kwangu. Ndani ya jengo lile, hata hivyo, waya ulikuwa bado umejaa mpaka kooni. Nikafungua hesabu ya zilizotupwa. Nyumba thelathini na nne, sifuri. Thelathini na tano, sifuri. Thelathini na sita, kumi na mbili. Zikaendelea hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho. Nyumba arobaini na moja: milioni tatu na ushei, na bado inapanda.

Nikaisoma tena. Nikatoka nje kupunga hewa, nikarudi, nikaisoma mara ya tatu.

Arobaini na moja ni Dámaso. Na Dámaso ndiye huyo huyo mtangazaji.

Ukiwa umewahi kusikiliza mashindano ya mtandao wetu, unaijua sauti yake, kwa sababu hakuna aliyetangaza mchezo kama yeye. Maelfu walimjua kwa sauti. Waliomjua kwa uso hawakuzidi ishirini. Pikipiki ilimvunja uti wa mgongo akiwa na miaka ishirini na mitatu, na anakaa ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Kushuka chini kunahitaji wanaume wanne, na wanaume wanne hawapatikani tena, wamekwisha kuhama nchi. Kwa miaka sita mtandao ndio ulikuwa barabara yake, kona yake, baa yake na kazi yake. Tena alikuwa na onyo moja tayari: mwaka uliopita alinakili tamthilia nzima, vipindi tisini, katikati ya nusu fainali. Mimi ndiye niliyemwandikia lile onyo.

Saa kumi kasorobo Osniel akaandika: Jina sasa hivi.

Nikamwandikia: Arobaini na moja. Dámaso.

Akajibu: Pole. Kata.

Fermín, jirani wa chini yangu, ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza. Fermín alikuwa akikitamani kituo changu tangu siku ya kwanza, na kila nilipokohoa aliniuliza kama najisikia vibaya sana. Alinisubiri mlangoni pa jengo lile, simu mkononi tayari kwa picha.

"Ndiye kweli?" akaniuliza tukipanda ngazi.

"Hesabu haina shemeji."

"Mimi siku zote nilisema yule kijana ana kiburi. Sauti ikishapendwa, mwenye sauti hapandiki."

"Fermín, panda ngazi, acha kupanda kichwa changu."

Shahidi wa pili tulimpata ghorofa ya tatu. Mlango wa Eumelia ulikuwa wazi, naye amesimama katikati ya sebule ameshika kitambaa cha vumbi, macho yamevimba. Nyumba yake ndiyo iliyotunza kisanduku cha jengo, kiswichi kidogo cha matundu kumi kilichokaa juu ya friji na kugawa waya kwa nyumba zote nane. Mwanawe Liván ndiye aliyekuwa akikiangalia, na Liván alikuwa ameondoka nchini Jumapili.

"Ingia unywe kahawa, mwanangu," akaniambia. "Leo mchana wamekuja kuchukua kompyuta ya Liván. Aliiuza kabla ya safari. Meza imebaki kama jino lililong'oka."

"Pole, mama. Kahawa siku nyingine. Njoo juu mara moja utushuhudie."

"Nishuhudie nini? Sijui hata kinachokatwa."

"Utaona koleo na utaona waya. Inatosha."

"Haya. Na hapa kwangu usiwe na wasiwasi," akasema akifunga kanga ya kichwani. "Kila kitu nimekiweka kama karatasi yako inavyosema."

Sikumsikiliza. Nalisema leo bila kujitetea: maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile, maana nilikuwa nahesabu ngazi na dakika.

Dámaso alifungua kabla sijabisha. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hakuna anayemwona akitangaza, lakini siku ya fainali huvaa shati jeupe.

"Mtandao umekufa tangu saa nane na nusu," akasema. "Nimefurahi umekuja, Nere. Nilidhani nitatangaza kwa kupiga kelele dirishani." Kisha akamwona Fermín na simu yake, akamwona Eumelia anatweta nyuma, akaniona na koleo mkononi. Ni mtu mwepesi wa kuelewa. "Mimi?" akauliza.

"Pakiti elfu arobaini kwa sekunde, Dámaso. Kwa jina lako."

"Kompyuta yangu imezimwa."

"Kila mtu kompyuta yake huwa imezimwa."

"Ingia uiguse basi. Baridi kama pua ya mbwa. Saa nane na nusu nilikuwa najaribu chumba cha sauti kule mtandaoni, nikaita kama yuko mtu, mara kila kitu kikaganda. Nikazima, kama ulivyotufundisha: mafuriko yakianza, zima, subiri. Nimesubiri. Nere, nitazame. Nimekudanganya lini?"

"Vipindi tisini."

"Zile nilikiri kabla hujauliza."

Kweli alikiri. Fermín akakohoa, akasema saa inakwenda. Sikuingia kuigusa ile kompyuta. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kuizima anaposikia hatua zangu ngazini, na kwamba swichi haina chuki wala upendeleo. Waya wake ulipita ukutani nje ya mlango, umeshikwa kwa misumari, ukishuka hadi kwa Eumelia. Nikauweka kwenye meno ya koleo.

"Leo tu," Dámaso akasema, sasa kwa sauti ndogo ambayo hakuna msikilizaji aliyewahi kuisikia. "Ukate kesho. Niache nitangaze hii moja, halafu kesho ukate, mimi mwenyewe nitakushikia waya."

"Nikichelewa wanazimwa wote hamsini na nane."

"Basi kata."

Nikakata. Fermín akapiga picha. Eumelia akafanya ishara ya msalaba. Halafu nikafanya nililozoea kufanya: nikatoa nailoni mfukoni, nikaifunika ncha ya juu, nikaifunika na ya chini, nikazifunga vizuri kwa utepe dhidi ya chumvi. Dámaso aliniangalia muda wote huo.

"Waya unauonea huruma," akasema, akafunga mlango polepole.

Nilirudi chumbani kwangu saa kumi na dakika ishirini na tano, roho imeniingia uchungu kama nyongo. Osniel alikuwa ameshapata picha na kuandika: Safi. Nabandika jina saa kumi na moja kamili. Nikaketi kufunga kazi. Nilitaka tu kuiona ile hesabu imesimama.

Haikuwa imesimama. Nyumba arobaini na moja: milioni mia moja na sita. Milioni mia moja na saba.

Niliitazama kwa muda mrefu kuliko akili yangu inavyopenda kukubali. Waya wake ulikuwa umekatwa. Nimeukata mimi, nimeufunga nailoni mimi. Mtu asiye na waya alikuwa anatuma pakiti elfu arobaini kwa sekunde.

Ndipo nilipoelewa. Pakiti hubeba jina la aliyeiandika, haibebi jina la anayeirudufu. Dámaso aliita mara moja tu, saa nane na nusu, "Yuko mtu?", na wito wa namna ile hupelekwa kwa kila mlango. Kama mahali fulani mle ndani waya umejirudia, umetoka kwenye kisanduku na kurudi kwenye kisanduku kilekile, basi wito ule unazunguka na kuzaa, unazunguka na kuzaa, haufi, na kila nakala ina jina lake, na waya ukishajaa sauti yake hakuna jina la mwingine linalopata nafasi. Kompyuta inaweza kuwa imezimwa. Mwenyewe anaweza hata kuwa amezikwa.

Saa kumi na nusu ilikuwa imepita. Nilishuka ngazi zangu na kupanda zile nyingine nikiwa sina pumzi wala heshima, nikaingia kwa Eumelia bila hodi, nikavuta kiti mbele ya friji.

Kisanduku kilikuwa kimefutwa vumbi mpaka kinang'aa. Taa zake zote zilikuwa zinawaka bila kupepesa. Waya wa Liván ulitoka tundu la nne, ukashuka nyuma ya friji hadi kwenye ile meza tupu, ukakunjwa vizuri kwa utepe wa nywele, ukapanda tena, na kichwa chake cha pili kilikuwa kimechomekwa tundu la tano.

"Nani amechomeka huu?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Mimi," Eumelia akasema. Alikuwa mlangoni pa jiko ameshika kikombe. "Wale walipochukua kompyuta waliuacha umelala sakafuni, kichwa wazi. Nikasoma karatasi yako. Liván alisisitiza, mama, lolote la waya, fuata karatasi ya Nereida. Nikatafuta tundu tupu lililo karibu." Akanitazama usoni. "Nimekosea?"

Karatasi ilikuwa pale pale kwenye mlango wa friji. KICHOMEKE AU KIFUNIKE. Sikuandika kichomekwe wapi. Miaka saba, na haikunijia hata siku moja kwamba yupo mtu atakayeisoma kama ilivyoandikwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Huyu alisikia, na guu lililovunjika ni la jirani.

Nikauchomoa. Taa zikaanza kupepesa kila moja kwa wakati wake, kama kawaida.

"Hukukosea, mama," nikamwambia. Nikampigia Osniel palepale juu ya kiti.

"Si Dámaso," nikasema. "Ni waya uliojirudia kwenye kisanduku. Yeye jina lake tu ndilo lililonaswa. Usibandike."

"Nereida, saa kumi na dakika arobaini. Picha nimeshawatumia nguzo zingine."

"Watumie nyingine."

"Sawa. Nani kachomeka?" Nikamtazama Eumelia. "Mafuriko yametokea, jina lazima litoke. Sheria hii uliipigia kura wewe mwenyewe. Nani?"

"Bibi wa nyumba thelathini na nane."

"Ana kompyuta?"

"Wameichukua leo."

"Basi umepona," akasema, na nikasikia akicheka kwa nafuu. "Mbandike bibi. Anatolewa kwenye kitu asichokitumia, hakuna anayeumia. Natoa waya wake, nafuta jina la nyumba, tunakwenda kwenye fainali."

Lilikuwa wazo zuri, sitadanganya. Nililipima. Eumelia alikuwa ameuchukua ule waya kutoka mkononi mwangu na alikuwa anakifuta kile kichwa kwa ncha ya kanga yake, taratibu, upande huu na upande huu.

"Nikitafuta nailoni nzuri nikaufunika," akaniuliza, "utaweza kukaa mwaka? Liván alisema labda atarudi baada ya mwaka."

Nikaziba simu kwa kiganja. "Utakaa, mama."

Kisha nikamwambia Osniel: "Andika jina langu."

"Acha utani."

"Yule bibi kafanya alichoagizwa kwa maandishi. Maandishi ni yangu, na sahihi iko chini, ina mkia mrefu hivi. Na mtu asiye na kosa nimemkata waya mbele ya mashahidi bila kuinua mguu kuigusa kompyuta yake. Una jina, una kosa. Andika."

"Ni milele, Nere."

"Nilipiga kura, najua."

Nyuma yake nikasikia vijana wakijaribu vipaza sauti. "Kituo nampa nani?" akauliza mwishowe.

"Fermín. Anakijua. Kwa miaka saba amekikagua kuliko mimi."

Ngazini nilipanda nikiwa sina hata hasira, jambo lisilo la kawaida kwangu. Nikafungua nailoni zangu mwenyewe, nikamenya ule waya, nikazisokota nyuzi nane moja moja, chungwa kwa chungwa, kijani kwa kijani, buluu kwa buluu, kahawia kwa kahawia, na zile zenye mistari kila moja na pacha wake. Ya buluu ikanikatikia, nikaanza upya. Dámaso alifungua mlango akaniona nimepiga magoti.

"Nini tena?"

"Washa kompyuta yako."

"Nere, nini kimetokea?"

"Umepigwa na sheria ya kijinga niliyoiandika mimi. Washa kompyuta. Una dakika nane, na kola ya shati imekaa vibaya."

Akageuza magurudumu. Sikuomba msamaha. Nilitaka, lakini nilikuwa na utepe katikati ya meno.

Saa kumi na dakika hamsini na saba nilikuwa mbele ya swichi yangu kwa mara ya mwisho. Kikomo cha mia tatu nilikiacha, Fermín akitaka kukibadilisha atafute maadui wake mwenyewe. Nikatafuta mstari wa juu kabisa, mtumiaji namba moja, yule wa kwanza kuandikishwa katika kituo kile. Nikaandika: pakiti kwa sekunde, sifuri. Nikabonyeza. Skrini yangu ikaganda, na dirisha la maongezi, lenye majina yote niliyoyasoma kila siku kwa miaka saba, likawa kijivu.

Nikatoa kiti nje, nikakaa juu ya paa upande wa ua.

Saa kumi na moja na dakika mbili ilitoka sauti ya Dámaso. Ilitoka kwenye madirisha ya jengo la pili, ya jengo la tatu, ya jengo langu mwenyewe chini ya miguu yangu, kwa sababu mtaa ule hakuna anayesikiliza kitu peke yake. Ilikuwa sauti yake kubwa, ile ya shati jeupe.

"Habari za jioni, Havana," akasema. "Kabla hatujaanza nimesoma tangazo, nanyi mmelisoma. Basi sikilizeni. Fainali hii mnaisikia kupitia waya uliosokotwa kwa mikono na mwanamke mwenye hasira kuliko wote wa Centro Habana, ambaye leo hatusikii. Mlioko jirani naye, ongezeni sauti."

Wakaongeza. Nililia, na nilijichukia kwa kulia, na nikamtukana Dámaso kwa sauti kutoka juu ya paa. Alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, hakunisikia. Nikakaa hapo nikasikiliza mpaka mchezo ulipokwisha.